Jiwe la Getini

Jumatatu, 3 Machi 2025
Oda kutoka Karatu! Humphrey, mwenye hoteli mpya ya watalii, anataka jiwe jeusi la marumaru lichongwe hivi: "Tunawatambua Wahadzabe, walinzi wa asili wa ardhi hii." Wahadzabe — yaani mama yangu! Hoteli yenyewe iko bondeni kwao. Humphrey hajui. Kwake mimi ni Albina, wakala wa mizigo huku Guangzhou, China, Mmbulu kama baba. Nimelia dukani. Kissa wa duka la jirani akauliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, tumekumbukwa.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda mwenyewe kwa mchongaji. Laoban wake, yaani bosi, alitaka kuongeza maua pembeni. Nimekataa katakata. Herufi za dhahabu, basi. Limependeza! Picha nimemtumia mdogo wangu amwonyeshe mama.

Alhamisi, 6 Machi
Mama hajui kusoma. Katazama picha, kisha kanipigia kuuliza nani amekufa.
Mawe ya namna hii kayaona mahali pamoja tu, kwenye kaburi la baba, Mbulu. Kwao mtu hawekewi jiwe. Nikamweleza ni heshima, mama, wanatutambua. Akasema anayemheshimu mwenye nyumba hupiga hodi, na hao hakuna aliyewasikia wakibisha. Halafu akasema kuna watu wanachimba mashimo kuzunguka chemchemi. Nikamjibu kwa ukali kwamba labda wanapanda miti. Ashukuru hata hicho kidogo!
Sikupaswa kumkaripia.

Ijumaa, 7 Machi
Humphrey kaongeza mzigo. Seng'enge, nguzo za chuma, geti la umeme.
Mashimo!
Nimempigia. Kumbe uzio unazunguka chemchemi na msitu wote wa asali. Nikamuuliza, wenyewe watapita wapi? Akacheka. Akasema, dada, wao si tumewaenzi kwenye jiwe? Litakaa pale pale getini, kila mgeni atalisoma.
Nimekata simu bila kuaga. Nina hasira! Mama atachota wapi maji?

Jumamosi, 8 Machi
Godauni, mtaa wa Xiaobei, hapa hapa Guangzhou. Kontena limebakiza nafasi ndogo: seng'enge au jiwe, si vyote. Laoban wa mizigo anauliza kipi kitangulie. Nikamuuliza Humphrey, akatuma voice: "Seng'enge kwanza, dada. Jiwe halina haraka."
Nikampigia. Nikamwambia huyo wa kwenye jiwe ni mama yangu, yuko hai, na anakunywa maji ya chemchemi ile. Kisha akauliza kama jambo hilo litachelewesha mzigo.
Nikisusa, wakala mwingine yuko hapo mtaa wa Dengfeng, ataipokea oda hii leo leo. Najua. Kissa kanipigia kunionya nisijiharibie jina kwa wateja.
Wapakiaji wamesimama. Laoban anapiga kelele, kuai, kuai! — haraka! Jiwe limeegemea ukuta, limefungwa gunia. Seng'enge haijapakiwa. Hawawezi kuipakia, kwa sababu makasha yake ndiyo niliyoyakalia, naandika.
Laoban ananiambia niinuke. Kwa mara nyingine. Bado nimekaa.