Mke Wangu Hageuzwi na Watu

Tarehe 3 Mei

Kwa binti yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, meno ninayo yote isipokuwa yaliyotoka. Hujambo huko na baridi? Barua hii naandika kwa mkono wangu, sikumwomba mtu, ingawa shule niliichungulia dirishani tu. Simu sitaki, mtu akinikata maneno naudhika.

Mwaka unatimia tangu tumzike mama yako. Kumbukumbu ni Jumapili ya mwisho wa mwezi na nitahutubia mimi. Kibonge, yule shoga yake wa wodini, kaja hapa kifua mbele anataka aseme yeye. Nikamuuliza, "Wewe ndiye uliyemuoa?" Akanywea. Mtaa mzima unamsifu mama yako, eti kajitolea hospitali miaka na miaka, kaogesha wagonjwa wasio na ndugu, kawageuza kitandani. Sawa. Ruhusa alitoa nani? Mimi. Watalisikia hilo.

Njoo. Usipokuja nitaonekana nimetupwa.

Baba yako mzazi

Tarehe 11 Mei

Shikamoo baba,

Mimi sijambo, baridi tumeizoea. Natumaini mgongo umepoa.

Nauli ninayo na kazini nimepewa ruhusa. Lakini Kibonge amenipigia. Anasema mama alipoanguka akawa hajiwezi, yeye na wenzao wa wodini walikuja wawili wawili kumgeuza, kama mwenyewe alivyowafundisha: shuka moja, huyu anavuta, yule anapokea. Anasema uliwafukuza mlangoni. Nimemkatalia, baba. Nimemwambia baba yangu ana mdomo lakini roho hiyo hana.

Niandikie kwamba si kweli, nije. Na umwache aseme japo maneno mawili.

Mwanao

Tarehe 19 Mei

Marahaba mwanangu,

Sijambo, mgongo ndio unanichokoza kidogo.

Kibonge hajasema uongo. Niliwafukuza, na wakirudi nawafukuza tena. Mke wangu hakuwa mgonjwa wa bure, wa kushikwashikwa na kila mwenye mikono. Nilimnunulia godoro nene, mtaa huu hakuna mwenye lile. Nikamlaza chali, nikamnyoosha vizuri, nikasema hapa hagusi mtu, apumzike. Nani alipumzika kama yeye?

Akawa analalamika, "Mume wangu, waite wenzangu wanigeuze, mgongo unaoza." Mgonjwa huongea mengi. Nikamwambia, "Umezoea ubosi wa wodini, humu ndani bosi mimi." Akacheka, au alikunja uso tu, sikuangalia sana. Baadaye akaacha kuomba, nikajua amezoea. Harufu ilipoanza nikafungua dirisha. Daktari alipokuja kumfunua akanifokea mbele ya majirani, kijana hana hata ndevu. Naye nikamtoa nje.

Sasa umejua. Njoo na viatu vya heshima. Kibonge hasemi.

Baba yako mzazi

Tarehe 25 Mei

Baba,

Leo sina shikamoo.

Sanduku nilikuwa nimeshalifunga. Nimelifungua. Akina mama watamkumbuka wodini, Jumapili hiyohiyo, na mimi nitawasikiliza kwa simu. Usiende. Walinzi wa getini wameshaambiwa.

Usinijibu.

Mtoto wa mama yangu

Tarehe 31 Mei

Kwa binti yangu,

Umesema nisikujibu. Siamrishwi na mtu niliyemfuta makamasi. Hali yangu njema sana.

Shughuli imefana. Nilikodi viti vyeupe, vikajaa uwanja mpaka ukutani. Tangu asubuhi watu wa mtaani wamekuwa wakipita mbele ya nyumba, wamependeza, wanaelekea hospitali. Kinyozi wangu kapita. Fundi viatu kapita na mkewe. Hata yule mlevi wa kona kapita, kachana nywele. Hakuna aliyetupa jicho kwangu. Na mimi sikumwita mtu.

Saa ilipofika nikasimama nikahutubia, sauti juu, mpaka mwisho, sikukohoa hata mara moja. Mwenye viti alikaa mstari wa mbele akanisikiliza, maana alikuwa anangoja viti vyake. Nilipomaliza akapiga makofi kidogo, akaangalia nyuma, akaniuliza, "Mzee, na hao wengine wanakuja saa ngapi?"

Nikamwambia marehemu hakuwa na watu.

Baba yako mzazi