Shangazi, Baba Yake Hayupo

Mpendwa Shangazi,

Nakuandikia nikiwa Ilula. Gari letu la utafiti linajazwa upepo, wenzangu wananunua nyanya. Wewe umelala kaburini Kalenga mwaka wa pili sasa, kwa hiyo leo nitamaliza maneno yangu bila kukatizwa.

Unakumbuka utafiti wangu wa kwanza, ule wa upungufu wa damu kwa watoto wadogo? Ulikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, ukanitembeza nyumba kwa nyumba. Kwa Mama Neema tulisalimiwa kamwene, salamu ya huko, tukapewa viti, tukaletewa viazi. Nikasoma fomu ya ridhaa ya kumtoa mwanawe damu. Akasema, "Baba yake hayupo." Nikaandika: kurudi kesho. Nikarudi, hayupo. Mara ya tatu pia, hayupo. Basi nikamvizia baba mwenyewe akitoka shambani. Akasaini amesimama, nami nikamtoboa mtoto kidole. Mama Neema alimshika mwanawe bila kunitazama. Mimi nikajiona mchapakazi kweli.

Jioni ukaniwashia moto. "We mtoto, shule yote ile! Mgeni hafukuzwi hapa. Mwenzio kakukatalia mara tatu, wewe unaandika kesho?"

"Lakini Shangazi, baba kasaini."

"Baba ndiye anayembembeleza akilia?"

Asubuhi ukanirudisha, bila fomu. Tukakaa jikoni tukimenya maharage mpaka Mama Neema akasema mwenyewe: mtoto wake wa kwanza aliwahi kutolewa damu, majibu hayakuletwa, mtoto akafa. Hataki damu ya huyu iondoke nyumbani. Nikamwomba radhi. Sampuli ile nikaitoa kwenye utafiti, na msimamizi wangu akanifokea mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Siku hizi nafundisha wadodosaji. Fomu zimekuwa ndefu, na bado hazina kisanduku cha jibu la Mama Neema. Siku ile nilikununia, Shangazi, na sikuwahi kukushukuru. Hilo linaniuma.

Jana, Igowole, mama mmoja kijana alinisikiliza mpaka mwisho. Akamweka mtoto vizuri mgongoni, akasema baba yake hayupo. Nyuma ya nyumba baba alikuwa anapasua kuni. Shoka tulilisikia sote.

Nikaandika: amekataa. Nikamshukuru, nikamaliza viazi alivyoniletea, nikaaga.

Pumzika, Shangazi.

Mtoto wa kaka yako