Bunduki Bubu na Harusi ya Salma

Maskati, 1968

Kwa mke wangu Zuhura, Mombasa.

Asalaam alaykum. Nakusalimu wewe kwanza, kisha hilo goti lako lisilopenda ngazi. Hamjambo nyote? Mimi mwili mzima, roho ndiyo imebanwa. Barua yako ya kuulizia siku ya ndoa ya binti yetu nimeisoma mpaka mikunjo imechanika.

Najua mmeshaahirisha mara mbili mkiningoja, na upande wa bwana harusi wameanza kusemasema. Usije ukadhani nimeoa huku. Nani atanitaka na kikohozi hiki cha vumbi la mbao?

Unakumbuka tajiri wangu ananichongesha bunduki za kuiga, za mtindo wa zamani. Wateja wake wako Uingereza, makarani na walimu, watu wazima, ambao siku za mapumziko huvaa makoti mekundu ya askari wa kale wakaenda kondeni kuigiza vita vya mababu zao. Mtu huanguka akafa, kisha huamka akanywa chai. Nilipoambiwa nilicheka, halafu nikakumbuka mapinduzi. Wetu waliokufa Unguja hawakuamka.

Mimi nachonga vitako, mhunzi anatia mitutu isiyo na tundu la kupitishia moto, maana tajiri mwenyewe alitaka zisilie. Tuliagana nikimaliza arubaini atanirudishia pasi yangu ya kusafiria, aliyoichukua siku niliyofika, nami nipande meli. Nilimaliza. Zikapangwa ghalani karibu na bunduki za babu yake, na huwezi kuzitofautisha.

Hapo ndipo balaa lilipoingia. Wiki ile ile tajiri alimuozesha binti yake, na hapa harusi bila bunduki kulia si harusi. Wajomba wakaingia ghalani, wakachukua zangu wakidhani ndizo za babu. Wakashindilia baruti, wakajipanga mbele ya wageni, wakazinyanyua juu. Kimya. Wakajaribu tena. Kimya. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akauliza, "Hizi bunduki au fimbo za kuchungia mbuzi?" Wanawake madirishani wakaangua kicheko. Mungu anisamehe, nami nilicheka, na tajiri akaniona.

"Umencheka, fundi," aliniambia kesho yake. "Basi nnataka zilie zote arubaini. Zitie mitutu ya kweli. Hutoki hapa mpaka nisikie ya mwisho."

"Bwana, na mimi nna binti anangoja kuozwa."

"Binti si mchuzi, hatachacha."

Hiyo ni kazi ya miezi sita mingine, Zuhura, na hapo mhunzi asiugue. Bandarini nimeuliza, hakuna anayempakia mtu asiye na pasi. Nimekwama, na nina hasira, na nimechoka kuwaahidi. Nilitaka niushike mkono wa yule kijana mimi mwenyewe, nimuozeshe binti yangu kwa kinywa changu.

Basi msiningoje. Ndani ya barua hii mna karatasi ya uwakala: kaka yako Nassor amuozeshe Salma kwa niaba yangu. Shahidi wa kwanza ni imamu wa msikiti wetu wa huku. Wa pili nilimkosa, nikamwendea tajiri. Aliisoma karatasi yote polepole. Akafungua mtoto wa meza atoe kalamu, na pasi yangu nikaiona imelala humo humo. Akatoa kalamu, akatia sahihi, akafunga.

Nisalimie mama mkwe, na yule jirani anayekuazima cherehani. Shemeji Nassor mwambie avae kanzu yangu nyeupe iliyo sandukuni. Salma mwambie asilie siku hiyo, ataharibu wanja.

Niandikieni mapema ni Ijumaa gani na saa ngapi. Saa hiyo nitaweka randa chini, ninyooshe mkono.

Mumeo,
Seif, baba Salma