Filimbi ya Nyapara

Mama Herman,

Maharage nimeshayachambua, yabandike mapema. Mbuzi wa jirani asiingie kwenye mchicha.

Jana asubuhi nilipopiga filimbi pale kwenye geti la shamba la mkonge, hukupaswa kunivuta mkono mbele za watu kama mtoto. Najua tumepunguzwa kazi wote tangu Machi, nami ni nyapara asiye na vibarua. Lakini miguu hii imeamka alfajiri miaka ishirini na miwili. Yenyewe haikupewa barua.

Basi leo nimeionyesha njia nyingine. Nimechukua jembe, nakwenda shambani kwetu Mvumi. Kesho tena, hadi izoee.

Filimbi nimeiweka juu ya karatasi hii isipeperuke. ~~Wape wajukuu waichezee.~~ Hapana, ifiche. Nikiiomba, usinipe.

Baba Herman