Waliokwisha Kuugua Ndui

Mjukuu wangu Tumaini,

Marahaba. Bibi yako hajambo, anakusalimu. Unauliza kanisa lenu lifanye nini katika maradhi haya.

Zama za Mwingereza, nikiwa kijana, ndui iliingia Kariakoo ikamlaza mama yangu. Alitengwa chumba cha uani, tukakatazwa kumkaribia. Katika ibada ya mwisho kabla ya kufunga kanisa kwa ajili ya ndui, mchungaji aliuliza, "Nani aliugua akapona?" Wakasimama watano wenye makovu, akiwamo Mama Eliza, ambaye wengi walikwepa kumtazama usoni.

"Mimi ndui ilikwisha kunila ikashiba," alicheka. "Nionyesheni mgonjwa."

Alimuuguza mama mpaka akapona, kisha akaenda kwa jirani yetu Mwislamu, Bi Salma, mwenye watoto wawili wagonjwa. Mama aliporuhusiwa kutoka, hakuja kwetu kwanza. Alimfuata Mama Eliza kwa Bi Salma, akasaidie kuuguza. Nilivua kofia, nikasimama njiani mpaka akapita.

Babu yako