Wavu Una Mwenyewe

Durban, 2 Mei 1982

Mdogo wangu Poobalan,

Hujambo? Binti yako Saroj na wanawe hawajambo? Sisi wazima, ila goti langu, linalojua baridi kabla ya redio.

Samaki wetu wa baridi, shadi, wameanza kuingia. Wenzetu wa gatini wanakuulizia, nami nawadanganya kwamba umekwenda Pretoria kumtembelea tu binti yako, hukuhama. Siku ile ulipougonga mshipi wangu kwa wavu wa kuopolea, ukakatika na samaki akaenda zake, ilinipasa niutukane wavu. Nikamtaja marehemu mkeo. Nikasema mbele ya watu kwamba yeye pia ulimwachia aende hivyohivyo. Nisamehe.

Kaka yako,
Kisten

Durban, 8 Julai 1982

Mdogo wangu,

Salamu tena. Sijaona jibu, nadhani ni posta.

Dagaa wamefika, kina mama wanawachota kwa sketi. Nyuma yao wamekuja wakubwa. Juzi nilimchosha mmoja mpaka akalala ubavu chini ya gati. Kwa mazoea nikaita, "Wavu!" Moonsamy akacheka: "Unamwita nani, mzee? Samaki aje na wavu wake?" Kisha akanyoosha mkono auchukue wavu, anisaidie. Nikamwambia wavu huu una mwenyewe, nikakata mshipi. Nimeapa hatoushika mtu mpaka urudi.

Kaka yako,
Kisten

Pretoria, 20 Agosti 1982

Kaka, shikamoo.

Barua zako zote nimezipata. Posta haina kosa.

Siku mke wangu Thilaga alipozidiwa, Saroj alikuja mbio gatini kuniita. Nilikuwa nimekushikia wavu. Ukaniambia, "Ngoja nimtoe huyu kwanza." Nikangoja. Hilo mbona hukulisema mbele ya watu?

Mpe Moonsamy wavu. Siutaki.

Poobalan

Durban, 3 Septemba 1982

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma chooni, shemeji yako Neela asinione ninavyolia.

Ni kweli. Miaka sita ninalijua, ndiyo maana nilikutupia wewe lawama. Samaki wa siku ile ya Thilaga hata hatukumla, tulimpa jirani.

Sikuombi tena urudi. Wavu nimeutundika nyuma ya mlango. Akija mkubwa nitamfuata majini kwa ile ngazi ya chuma ya gatini.

Kisten

Pretoria, 22 Septemba 1982

Kaka, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Nakuomba usishuke ile ngazi. Ina mwani, hata wenye miguu mizima wanateleza.

Nimekukasirikia mpaka nimechoka. Uliniambia ningoje, lakini miguu ilikuwa yangu. Saroj amenikatia tiketi ya basi, Ijumaa tarehe 8 Oktoba. Najua serikali itakuwa imefunga uvuvi wa shadi mpaka Desemba. Tutakaa tu, tuwacheke wanaovua visamaki.

Utoe wavu nyuma ya mlango, panya wasiutafune.

Mdogo wako,
Poobalan

Durban, 28 Septemba 1982

Shemeji yangu,

Pole na kazi, pole na watoto. Anwani yako alikuwa nayo mume wangu tu. Nimeipata leo, nyuma ya bahasha yako.

Jumamosi kaka yako alimpata mkubwa. Moonsamy anasema alimpigia kelele, "Mzee, usishuke, chukua wavu wangu!" Akajibu, "Ngoja nimtoe huyu kwanza." Wimbi lilimkuta kwenye kipandio cha tatu cha ngazi. Jana tumeuchoma mwili wake, kwa desturi yetu.

Barua yako nimemsomea mbele ya picha yake, nikaona aibu, nikaacha katikati.

Tiketi usiirudishe. Wavu ungali nyuma ya mlango, na kila nikifungua unanigonga begani. Njoo uuchukue.

Shemeji yako,
Neelavathi