Mikeka Minne ya Hitima Yako

Kaka Twaha,

Assalamu alaikum, na Mwenyezi Mungu alitie nuru kaburi lako. Leo sikuandikii kulia. Nimelia vya kutosha mwaka huu, hata macho yenyewe yamenichoka. Nakuandikia kwa sababu nina habari tamu, na hapa mtaani hakuna ambaye sijamsimulia mara tatu. Umebaki wewe tu.

Tumetunukiwa, kaka! Jana, katika ukumbi wa Changamwe, mbele ya wakubwa na wapiga picha, waliitwa watu wanaojitolea bila malipo. Waliitwa akina mama wanaowafundisha wazee kusoma, wakaitwa vijana wanaozibua mitaro kule Mikindani. Kisha tukaitwa sisi, watoa damu wa Magongo, kundi lako ambalo hukuwahi hata kulipa jina. Na mimi Zuhura, ambaye nikisikia sindano tu natafuta mlango, ndiye niliyepanda jukwaani.

Najua unavyocheka. Cheka, lakini kwanza nikulaumu kidogo, maana uliniachia msiba na hasira kwa pamoja.

Tangu wifi yangu Salma avuje damu baada ya kujifungua, ukazunguka mji mzima kumtafutia mtu wa kumtolea, ukarudi umechelewa, ulikuwa mtu mwingine. Uliapa kwamba hakuna mke wa mtu mtaani petu atakayekufa vile tena. Ukitoka zamu ya makontena huko Kipevu hukuja kupumzika, ulipita nyumba kwa nyumba ukiwabembeleza watu wakapimwe. Mwisho ukawa humjui mtu kwa jina, wamjua kwa damu yake. "Shikamoo B chanya!" ulikuwa ukimpigia kelele bibi wa watu sokoni, naye anaitika marahaba kana kwamba ndilo jina alilopewa na babake. Mimi nilikuwa naona haya kutembea nawe.

Lakini hukuandika, kaka. Mara ngapi nilikwambia? Ukanijibu, "Daftari la nini, na kitwa kipo?" Kichwa hicho kilikuwepo mpaka tulipokizika nawe. Namba za watu zilikuwa kwenye simu yako, na simu uliifunga kwa namba ya siri usiyomwambia mtu, hata mimi niliyekupikia miaka yote. Wewe uliyejua kontena lipi liko chini ya lipi bandari nzima, watu wako uliwaacha wametawanyika.

Siku ya tisa baada ya mazishi, saa sita mchana, simu hiyo ililia. Kufunguka ilikataa, ila kupokea ilikubali. Alikuwa mwanamume. Mwanawe amelazwa, ameishiwa damu, wanataka O hasi. Nikamwambia Mzee Twaha amefariki. Akaniuliza, "Sasa mimi nifanyeje, mama?"

 Nilisimama uani na simu sikioni, nikijua kwamba mtaani humu humu kuna mtu mwenye damu ile na huenda nimempita asubuhi nikienda kununua mkate. Mtoto alipata damu kutoka hospitali ya ng'ambo, kule kisiwani mjini, akapona, Alhamdulillahi. Babake alipiga kunieleza. Ila usiku na mchana nikawa nasikia lile swali lake. Niliona kwamba Salma atakufa mara ya pili, na safari hii ni kwa uzembe wetu.

Ndipo ikaja hitima yako ya arobaini. Wallahi hukuwahi kuona watu kama wale. Uani tulifunga turubai, wakajaa hadi barabarani. Waislamu walikuja kusoma, majirani zetu wa Kigiriama na Kirabai waliotoka kanisani walikuja kukaa nasi, na madereva wa trela walisimama na kofia mikononi. Nikawatazama wote wale nikasema moyoni, si hawa hapa? Kichwa cha kaka hiki hapa, kimejaa uwanjani.

Nikamwendea Ami Hamisi nikamwambia nataka, baada ya dua, nitandike mikeka minne, A, B, AB na O, kila mtu akae kwenye damu yake tuwaandike. Ami aliniangalia kama niliyepandwa na shetani. "Hitima hini ya kusoma, Zuhura, si ya kupanga watu kama shehena!" Ikabidi maalim aingilie. Akauliza tu marehemu angependa lipi, na Ami mwenyewe akaanza kukunjua mkeka wa kwanza.

Basi dua ikaisha. Harufu ya pilau ilikuwa imeshatangaa, watu wanakunja mikono ya kanzu. Nikasimama mbele ya masufuria na mwiko mkononi nikatangaza kwamba hakuna sahani itakayotoka mpaka kila mtu akae kwenye mkeka wa damu yake. Mwanaume kando moja, mwanamke kando ya pili, na wa damu hasi wasogee upande wa ukuta. Wakaangua kicheko, wakaanza kuinuka. Kaka, hakuna aliyeuliza damu yake ni ipi! Uliwaita kwa damu zao mpaka zikawakaa. Kwa dakika chache mtaa wote ulikuwa umejipanga, nami naandika huku machozi yananidondokea karatasini. Yale yalikuwa machozi ya furaha, ya kwanza tangu uondoke.

Mkeka wa O ulikuwa mkubwa kuliko yote. Lakini ukutani, kwa O hasi, walikaa watatu tu, hata wa kuwatenga wanaume na wanawake hawakutosha. Mmoja ni Mutiso, yule dereva wa trela aliyeniuliza, "Mathe, negativu tunaketi wapi?" Wa pili ni Mama Kadzo anayekaanga viazi karai mbele ya lango. Na wa tatu, hutaamini, au labda ulijua siku zote ukanyamaza, ni Mzee Abdalla, mwenye lango hilo, ambaye hajamsalimia Mama Kadzo miaka minane kwa sababu moshi wa karai unamchafulia kanzu. Mkeka ni mmoja, na ukuta ni mmoja. Mzee alijikunja akamwachia nafasi, akatazama juu ya turubai. Mama Kadzo akamsogezea mto wa kuegemea. Hawakusemezana, ila walikula sinia moja, na aliyekuwa akimtengea mwenzake nyama ni Mzee Abdalla.

Kisha mmoja akauliza, "Na wewe Bi Zuhura, mkeka wako upi?" Nikawa nimesimama na mwiko, sina pa kukaa. Miaka ishirini ulinibembeleza nami nikikujibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Siku ile niliona haya, haya ya kweli. Kesho yake nikaenda. Nilifumba macho nikasoma Ayatul Kursi yote, nikamshukuru Mungu yamekwisha, na muuguzi akaniambia, "Bi, bado sijakuchoma." Mimi ni B chanya, kaka. Kutoa nimeshatoa mara mbili, na sikufa.

Majina tuliyaandika kwenye madaftari manne na kila mkeka ukapata msimamizi wake. Mzee Abdalla alijitwalia mkeka wa O kabla hajaombwa. Haukupita muda simu ikaja. Mama mmoja wa Port Reitz amejifungua, damu haikatiki, O hasi. Ilikuwa Ijumaa, watu wanatoka msikitini. Mama Kadzo aliacha karai motoni, Mzee Abdalla na kanzu yake nyeupe akapanda tuktuk akakaa naye bega kwa bega, Mutiso akawafuata kutoka bandarini. Wakapimwa, wakatoa. Jioni tukaambiwa mama amefumbua macho na kuomba chai. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni hadi majirani wakadhani nimepata mchumba.

Mtoto hakupewa jina lako, usijidanganye. Anaitwa Brayan. Lakini mamake alikuja nyumbani na Brayan mgongoni, akavua viatu akaniambia, "Dada, niandike. Nikishamwachisha kunyonya, na mimi nitatoa." Ukutani sasa wako wanne.

Turudi jana. Fomu ya tuzo ilitaka jina la mtu mmoja aliye hai. Nikageuza karatasi nikajaza majina nyuma mpaka nafasi ikaisha, wakakubali kututunuku kundi zima. Ukumbini watu wetu, kwa mazoea, walikaa kwa mikeka yao, O wakashika safu mbili za mbele. Mgeni rasmi akasifu, tukapigiwa makofi, mimi nikapanda. Hapo ndipo simu ya Mzee Abdalla ilipolia. Nikamwona anainama, anasikiliza, anainuka. Akainua mkono tu. Safu mbili zote zikasimama pamoja, wanaume kwa wanawake, Mutiso na funguo za gari, Mama Kadzo kajitanda leso yake ya sherehe, wakatoka nje.

Mgeni rasmi alibaki na cheti mkononi. Akaniinamia akaniuliza kwa kunong'ona kama wamekasirika. Kipaza sauti kilikuwa wazi, na nilipomjibu ukumbi mzima ulisikia.

"La, mheshimiwa. Wamekwenda kazini."

Basi nikapokea tuzo yako mbele ya viti vitupu, kaka, na sijapata kuona fahari kama ile. Wale waliobaki nyuma walipiga makofi wakisimama, wengine wakiulizana wapimwe wapi. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Sikuisoma. Ingesema nini zaidi ya viti vile?

Alikuwa mama aliyejifungua. Asubuhi hii Mzee Abdalla amenipitia kuniambia yuko hai, na mwanawe yuko hai, na mumewe analia kwa furaha kwenye benchi. Nilimtazama yule mume kwa macho ya moyo nikakuona wewe, siku ile uliyorudi umechelewa. Huyu hakuchelewa. Hakuna aliyechelewa tangu tulipotandika mikeka, hata mmoja.

Haya, kaka yangu, pumzika. Msalimie Salma, mwambie neno lako limetimia na waliolitimiza ni watu wa mtaani kwake. Nami nakuahidi hivi. Siku nitakayokufa mimi, inshallah, watanizika, watanisomea, watakula pilau yangu, na hakuna mgonjwa hata mmoja atakayekosa damu kwa sababu Zuhura hayupo.

Nduguyo,
Zuhura